Kutu ya Nyuma Kushoto

3 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Mpe na Mama shikamoo yake, umwambie kwamba ninakula na ninalala, maana najua ndilo atakalouliza kabla hujafika mstari wa pili. Huku sisi wazima. Wifi yako amerudi kazini kwa dobi, pale pale mapokezi. Anasema wateja ni wale wale na madoa yao ni yale yale. Mimi bado niko kiwanda cha uchapaji, kwenye mashine ya kukatia karatasi. Tangu mwaka uanze tunatoa vitabu vya hesabu, nimekata kingo zake mpaka nikifumba macho naona tarakimu.

Najua umekuwa ukipiga simu. Naiona ikiita. Naitazama mpaka inanyamaza, halafu naendelea na nilichokuwa nikifanya, na mara nyingi sikuwa nikifanya chochote. Usinune. Kwenye karatasi mtu anaweza kunyamaza katikati ya sentensi na asiulizwe, "Haloo, upo?"

Sasa lililonifanya niandike. Ni gari. Wewe ndiye fundi wa bodi na rangi katika familia hii, nami sina pengine pa kuuliza. Tangu tumzike mtoto mwezi wa kumi, gari nimelitumia kwenda kazini na kurudi tu. Kutu imeota sakafuni, nyuma kushoto, pale abiria anapoweka miguu. Nilikwangua nikapaka rangi. Ikarudi. Nikapaka tena kabla ya mwaka kuisha. Sasa rangi imevimba malengelenge, ukiyabonyeza yanapasuka na ndani ni unga wa kahawia. Fundi wa mtaani kwetu anataka kukata sakafu nzima. Bei aliyonitajia nilidhani ananipa namba yake ya simu.

Gari ni mzee, najua. Lakini silitupi. Nifanye nini kwa mshahara huu wangu?

Mdogo wako

*

19 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama amesomewa barua yako mara mbili na amesema unadanganya kuhusu kula. Yeye hajambo. Goti linamsumbua akishuka ngazi, lakini ulimi hauna shida yoyote: amegombana na jirani wa ghorofa ya juu kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo, wakapatana, wakagombana upya. Mimi nipo. Karakana ina kazi tele. Kifua kinanikwaruza kidogo, vumbi la msasa tu hilo.

Simu usipokee, sawa. Mimi nitaandika na wewe utajibu, na usiponijibu nitamtuma Mama aje akae kwako mwezi mzima. Chagua.

Haya, kutu. Kupaka rangi juu ya kutu ni kumvika mtu suti juu ya upele. Anapendeza, lakini anajikuna. Toa kiti cha nyuma, toa zulia lote, usilikunje pembeni kwa uvivu. Chukua brashi ya waya ukwangue mpaka bati ling'ae, na usiishie pale kutu inapoishia, vuka upana wa kiganja kila upande. Halafu chukua bisibisi uchokoe. Ikipenya, hapo hapana bati tena, pana jina lake tu. Kama haikupenya, nunua ile dawa ya majimaji inayogeuza kutu kuwa nyeusi, chupa ndogo yatosha. Iache ikauke mpaka kesho yake. Kisha praima, ile rangi ya msingi, mikono miwili, si mmoja: paka, ikauke, upake tena. Juu yake paka rangi yoyote ya mafuta uliyobakiza, hata ya mlango wa jikoni. Sakafu haiendi harusini. Ukimaliza ndani, lala chini ya gari upake lami ya kuzuia maji. Na uzibue vile vitundu vya kutolea maji kwenye kingo za chini ya milango. Kwenye magari ya umri huo huwa vimejaa udongo.

Lakini yote hayo ni kazi bure usipojibu swali moja: maji yanaingia wapi? Sakafu iliyo kavu haiozi. Kaa ndani, mwambie wifi yangu amwage ndoo ya maji juu ya paa, wewe tazama yanakoteremkia.

Ni pale pale alipokuwa akikaa Meneja, sivyo? Nilipompa jina hilo alikuwa hata hajatimiza miaka mitatu, na tayari alikuwa anatoa amri kutoka kiti cha nyuma: "Baba, twende. Baba, polepole." Namkumbuka. Sisemi zaidi.

Dada yako

*

24 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua ilifika salama. Mama asije, tafadhali, chumba cha mtoto sijakipanga.

Nimefanya ulivyosema. Nilitoa kiti, nikatoa zulia, nikakwangua. Ilichukua Jumamosi nzima na sehemu ya Jumapili. Bisibisi haikupenya, isipokuwa mahali pamoja karibu na bolti ya mkanda wa kiti iliingia ncha tu, nikaona si kitu. Kutu ikageuka nyeusi kwa dawa, kama ulivyosema. Praima mikono miwili. Rangi niliyopaka ni ya bluu, iliyobaki tulipopaka chumba. Ilionekana vizuri. Nilikaa nikaitazama mpaka wifi yako akaja kuuliza kama nitakula.

Maji sikuyajaribu.

Kuna mabadiliko kidogo kiwandani. Msimamizi amenihamisha kutoka mashine ya kukatia, sasa niko kwenye gundi, tunabandika migongo ya vitabu. Alisema alinikuta nimekanyaga pedali, kisu kimeshuka, na chini ya kisu hakuna karatasi. Nilimwambia nilikuwa nawaza. Kwa kweli sikuwa nawaza. Gundi si mbaya. Ina joto na haina kelele.

Wifi yako siku hizi anapanda basi kwenda kazini, ingawa kwa dobi ni njia moja na kiwandani. Anasema anapenda kutembea mpaka kituoni. Tunazungumza: chumvi imekwisha, funguo ziko wapi, kesho kuna maji au hakuna. Hatugombani.

Mvua zimeanza. Jana nimenyanyua zulia. Kutu imerudi, imepita katikati ya bluu.

Mdogo wako

*

5 Aprili

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu, goti ni lile lile.

Nitakuwa mfupi kwa kuwa nina hasira kidogo. Kazi uliyoieleza ni nzuri, ningekuajiri. Kazi nzuri namna hiyo haiwezi kuharibika ndani ya wiki chache ila kama sakafu inaogeshwa. Mambo mawili.

Kwanza, hiyo bolti ya mkanda. Ncha ya bisibisi ikiingia, ni kitu. Ndiyo inayomshika mtu gari likigonga. Usimkalishe mtu upande ule.

Pili, nakuuliza tena: maji yanaingia wapi? Raba ya mlango? Kioo cha nyuma? Au siku hizi hufungi madirisha, unafuga bata humo ndani?

Nijibu hilo tu. Mengine acha.

Dada yako

*

27 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu. Sina sababu. Karatasi ilikuwa mezani, kalamu ilikuwa juu yake.

Lazima nikueleze kilichotokea wiki iliyopita. Mvua ilikuwa kubwa tukitoka kazini, na mtunza stoo wetu, yule mnene mwenye miwani ya kamba niliyewahi kukusimulia, akaniomba lifti. Kwenye kiti cha mbele nilikuwa nimeweka maboksi ya vitabu vilivyoharibika. Akafungua mlango wa nyuma, upande wa kulia kumejaa viti vya plastiki vya jirani, akakaa kushoto. Nilimwona akikaa. Nilikuwa nimesoma barua yako, na nikaondoa gari.

Tulifika kwenye taa za barabarani, nikashika breki. Akakanyaga na yeye, kama abiria wanavyofanya. Nikasikia kitu kama biskuti inavunjika, halafu akasema kwa upole kabisa, "Bwana mdogo, mguu wangu uko nje."

Ulikuwa nje. Umetoboa zulia lililooza na sakafu mpaka juu ya kifundo, kiatu kinaburuzika lamini. Tukausimamisha msafara wote wa magari nyuma yetu, honi zinalia, mimi nimepiga magoti kwenye maji nachomoa mguu wa mtu kwenye gari langu. Alichubuka, hakuvunjika. Kiatu kilibaki barabarani, lori likapita juu yake. Alipofika kwake alicheka. Kiwandani wote wamecheka, wameniuliza kama gari langu linaendeshwa kwa miguu. Na mimi nilitaka kucheka. Niliona kabisa kwamba ni jambo la kuchekesha.

Ungekuwa ni mkanda ulioachia na si sakafu, angekufa. Nimeliwaza hilo nikiwa kazini, kitandani, popote, na kila nikiliwaza sisikii kitu. Ni kama nasoma habari za mtu mwingine.

Unauliza maji yanaingia wapi, mara mbili sasa. Unauliza kama mkaguzi. Nami nikuulize. Ulikuwa wapi tulipomzika? Shangazi mtu ni wewe mmoja. Watu walisimama pale wakatazama njiani, tukachelewesha mpaka wazee wakasema basi. Mama alisema safari imekushinda. Safari gani inayomshinda mtu anayenyoosha mabati ya magari kwa mikono yake? Hukuja, Dada. Halafu unaniambia nizibue vitundu.

Mdogo wako

*

10 Juni

Mdogo wangu,

Una haki ya kuuliza.

Wiki ile nilikuwa wodini. Kifua. Nilianguka karakana nikiwa na bunduki ya rangi mkononi, na niliamka nina mpira wa hewa puani. Habari ya mtoto ilinikuta pale kitandani. Nilivua ule mpira nikavaa viatu, nikafika mlangoni mwa wodi, na hapo ndipo nilipoishia. Nesi na Mama walinirudisha mmoja huku na mmoja huku. Nikamwambia Mama: "Asijue. Ana maiti moja mkononi, usimpe na mgonjwa." Mama akasema safari imenishinda. Hakudanganya sana. Ilinishinda mlangoni.

Rangi sipulizi tena. Daktari amekataza, na mwenye karakana ameniweka kwenye kupokea magari. Nasimama na kalamu ya chaki nazungushia wengine mahali pa kukwangua. Wanakwangua vibaya. Napiga kelele mpaka nakohoa. Hivyo ndivyo nilivyo, sasa unajua, na Mama amefurahi kwamba unajua, maana siri ilikuwa inamkaa kooni.

Kuhusu mtunza stoo: mnunulie viatu, na uviteue vizuri kuliko vile vya zamani. Halafu asilipande mtu yeyote gari hilo, hata wewe mwenyewe, mpaka sakafu ichomelewe. Sasa tumevuka habari ya brashi na dawa. Si lazima ukate sakafu nzima kama alivyosema yule wa mtaani kwenu. Nenda kwa wanaouza vyuma chakavu, utafute paa la gari lililopata ajali ya mbele. Paa halioti kutu upesi. Wakukatie kipande kikubwa kuliko tundu, na mchomeleaji akishike pande zote, siyo nukta nukta kama kifungo. Bolti ya mkanda aiwekee bati nene chini yake. Mwambie atakayechomelea kwamba dada yako ni wa kazi hiyo, ataogopa kidogo.

Swali langu la maji sikuulizi tena. Ukitaka kuniambia utaniambia.

Dada yako

*

6 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za posta, nikaisoma tena nyumbani. Kisha nikampa wifi yako. Aliisoma, akaikunja, akasema, "Kumbe." Akaenda jikoni akafungua bomba, na hakuwa na chombo cha kuosha.

Nilikasirika na mtu aliyekuwa wodini. Pole na kifua.

Maji yanaingia dirishani.

Siku ile tulipompeleka hospitali, mama yake alikaa naye nyuma, kichwa cha mtoto kiko mapajani mwake. Mimi naendesha. Alikuwa anaungua kwa homa. Akajiinua, akashika ule mkono wa kuzungushia kioo, akazungusha mwenyewe. Mama yake alitaka kumsaidia, akamwondoa mkono. Kioo kikashuka upana wa kiganja hivi. Akasema, "Baba, upepo." Akalala tena. Walimpokea vizuri, walijaribu, na haukupita usiku.

Kioo kiko pale alipokiacha. Ndiyo habari yenyewe. Sikuwa nimeamua kitu, Dada. Siku ya kwanza sikukifunga kwa sababu sikukiona. Siku ya pili nilikiona. Baada ya hapo mvua ikinyesha nasimama sebuleni natazama maji yakiteremka mlangoni mwa gari, na mkono wangu hauendi. Kisha nakwangua kutu.

Mwezi wa kwanza wifi yako alikibandika nailoni na tepu. Alifanya vizuri, pembe zote. Nilitoka nikaibandua. Alikuwa ananitazama kutoka jikoni. Akatoka, akaiokota ile nailoni chini, akaikunja ndogo ndogo, akaingia nayo ndani. Kuanzia siku hiyo anapanda basi.

Juzi, baada ya habari ya mguu wa mtunza stoo kunikaa kichwani majuma yote haya, nilikwenda nikajaribu kukifunga. Nilishika ule mkono nikazungusha. Unazunguka bure. Kioo hakipandi.

Mdogo wako

*

20 Julai

Mdogo wangu,

Nimeisoma. Mama hajasomewa hiyo. Nimemwambia tu kwamba umeandika na hamjambo.

Mashine ya kupandishia kioo imeoza ndani ya mlango, kwa maji hayo hayo. Inapandishwa kwa mikono. Bandua ubao wa ndani ya mlango polepole, vishikizo vyake ni vya plastiki na vimekuwa vikavu, vitakatika. Ndani utaona kioo kimekaa kwenye reli. Mtu mmoja abane kioo kwa viganja viwili, kimoja ndani na kimoja nje, asukume juu. Mtu wa pili akipokee kutoka chini, kikifika juu kabisa aingize kabari ya mbao ikishikilie. Peke yako huwezi. Kitakuponyoka kivunjike.

Nikuambie na jambo jingine, ulijue kabla hujaanza. Kabari ikishaingia, kioo hakitashuka tena hadi ununue mashine nyingine. Kitakaa kimefungwa. Si lazima iwe leo. Kama bado, basi egesha gari mahali penye paa, ndiyo dawa ya kutu ya bei ndogo kuliko zote, na mimi sitakuuliza umefikia wapi.

Ila usimnyime wifi yangu kushika upande wake. Alikuwepo humo ndani.

Dada yako

*

25 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Nilipiga simu Jumanne, Mama akasema uko kliniki, kisha akanishika kwa muda mrefu na habari za kamba ya kuanikia. Amesema daktari ameridhika na wewe. Nimemwambia wifi yako.

Sakafu imechomelewa. Kipande kimetoka kwenye paa la gari jeupe, kwa hiyo nyuma kushoto sasa pana kiraka cheupe kama bandeji. Mchomeleaji alitaka kufanya nukta nukta. Nilimtaja dada yangu. Akafanya pande zote.

Dirisha tulilifunga Jumapili. Asubuhi wifi yako alikuwa anapiga pasi, nikasimama mlangoni nikamwambia, "Nataka kufunga dirisha la gari, na siwezi peke yangu."

Akaacha kupiga pasi. "La nyuma?"

"La nyuma."

"Sasa hivi?"

"Ukiwa na nafasi."

Akachomoa pasi, akavua pete akaiweka juu ya kabati, akatangulia kutoka. Nilibandua ubao wa mlango, vishikizo vikakatika kama ulivyosema. Yeye akabana kioo kwa viganja viwili, mimi nikaingiza mikono kwa chini. Kilipanda kwa kukwama kwama. Katikati akasema, "Ngoja." Nikangoja. Alikuwa ametazama kule ndani, kwenye kiti. Kioo tumekishika wote wawili. Kisha akasema, "Haya." Tukasukuma, kikafika juu, nikagonga kabari. Alijaribu kuingiza kidole kwenye mwanya. Hapakuwa na mwanya.

"Aliniondoa mkono," akaniambia. "Nilitaka kumsaidia, akaniondoa mkono."

Nikamwambia, "Nilisikia. Nilikuwa natazama barabara, lakini nilisikia." Hatukuwahi kulisema hilo.

Hakuingia ndani ya nyumba. Alikaa kwenye ngazi, nami nikaona bora nimalizie kazi, nikalala chini ya gari kukwangua pale kiraka kilipokutana na bati la zamani, ili nipake lami. Brashi ikarusha unga wa kutu, ukaniingia jichoni. Nikatoka kinyumenyume nimefumba macho, napapasa. Nikamsikia akinyanyuka. Akanikalisha ngazini pale alipokuwa amekaa yeye, akaleta jagi la maji, akanishika kidevu akainua uso wangu juu.

"Fumbua."

Nikafumbua. Akamimina. Maji yalikuwa ya baridi, yakashuka shingoni mpaka kwenye shati. Akamimina tena. Nikahisi kitu kimetoka, lakini jicho halikuacha kutiririka, na baada ya muda la pili nalo likaanza, ambalo halikuwa limeingiwa na chochote. Mabega yakaanza kuruka. Nilijaribu kuyazuia, Dada, hayakuzuilika. Sikuwa nimelia tangu mwezi wa kumi. Hata pale makaburini.

Akauliza, "Lenye uchafu ni lipi?"

Nikamwambia, "La kulia."

Akaendelea kuyaosha yote mawili, jagi likaisha, akaenda akajaza jingine.

Mdogo wako